Ukuta wa Joto wa Bibi Nyangeta

Vijana wa karakana mmeniomba niandike kabla sijasahau, na mmenisisitiza nisianze na vyeo. Msiwe na wasiwasi. Cheo changu cha kwanza kilikuwa "binti shika ngazi", na cha mwisho, mlichoniaga nacho mwezi uliopita, kilikuwa "mama shika ngazi". Kati ya hivyo viwili nilifungua na kufunga soketi za nusu ya mji wa Mwanza, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za moto.

Nilianzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, idara ya umeme, mwanamke peke yangu. Mkuu wetu alikuwa Mzee Maduhu, Msukuma wa Magu, mtu mfupi mwenye miwani aliyoifunga mkono mmoja kwa waya wa fyuzi. Siku yangu ya kwanza hakunipa bisibisi wala koleo. Alinipeleka mbele ya soketi ukutani akasema, "Nusa."

Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Vizuri. Hiyo ni nzima. Sasa nusa hii."

Ya pili ilikuwa kwenye chumba cha pampu. Niliinama, nikanusa, nikaona aibu kusema nilichosikia. "Inanuka samaki, mzee."

"Soketi inakula samaki?"

"Hapana."

"Basi iweke kichwani hiyo halufu."

Alisema "halufu" hivyohivyo, kama tunavyosema wengi wetu nyumbani. Mimi shule ilinirekebisha. Yeye alisema umri wake haumruhusu kuanza herufi mpya.

Lakini somo lenyewe ni la kweli na mlishike. Plastiki ya soketi ikipata moto kupita kiasi, kabla haijageuka kahawia, kabla haijatoa moshi, hutoa harufu ya samaki. Wengine husema ya mkojo. Mtu wa Iringa au Dodoma akisikia harufu hiyo ukutani kwake atashtuka na kuuliza. Mwanza nani atauliza? Kila mlango una samaki wake. Ndiyo maana nimeamini maisha yangu yote kwamba mji huu, kwa upande wa usalama wa umeme, ulijengwa mahali pabaya.

Somo la pili lilikuwa mkono. Ukitaka kujua kama kifuniko cha soketi kina joto, kigusie mgongo wa mkono, usitumie kiganja. Ukipigwa na umeme misuli hujikunja. Kiganja kitang'ang'ania, mgongo wa mkono utarudi kwako. Nimegusa hivyo vifuniko, milango ya friji, pasi, na mara moja paji la uso la mume wangu alipokuwa na malaria. Alilalamika kwamba namkagua.

Halafu kiwanda kikasimama. Kikauzwa, aliyekinunua akasema atakifufua, na tukaambiwa tusubiri nyumbani ufufuo huo. Mzee Maduhu hakuwa mtu wa kusubiri. Alichukua benchi moja, testa mbili za kupimia umeme, koleo lenye mpini wa mpira, na ngazi ya mbao iliyokuwa ndefu kuliko karakana yenyewe, akafungua karakana hiyo mtaa wa Kirumba. Akaniita. Ngazi ililala nje, ikiwa imefungwa mnyororo kama ng'ombe.

Tulifungua wakati mzuri, au mbaya, inategemea unasimama upande gani wa soketi. Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo biashara ilifunguliwa na bidhaa zikaingia. Kila kitu kiliruhusiwa, na kila kitu kilikuwa na plagi. Pasi, birika, redio za kaseti mbili, televisheni, majiko ya sahani mbili, friza zilizotumika huko zilikotoka mpaka zikachoka. Nyumba zilizopokea mizigo hiyo zilitandazwa nyaya zamani kwa ajili ya balbu mbili na redio ya mkulima. Watu walinunua plagi za njia tatu, wakachomeka njia tatu juu ya njia tatu, mpaka soketi moja inazaa kichaka. Na hizo soketi mpya za dukani, nyepesi kama ganda la yai, skrubu zake ukizikaza mara mbili zinazunguka bure. Waya ukilegea kwenye skrubu, hapo ndipo joto linapozaliwa. Sijawahi kuona ugonjwa mwingine wenye chanzo kidogo hivyo.

Asubuhi moja akaja karakana mama wa miaka thelathini hivi, amejifunga kanga mbili, anatazama nyuma kama amefuatwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Soketi au swichi?"

"Ukuta."

Mzee Maduhu akavua miwani. Mama yule akajitambulisha: Rhoda, anakaa Pasiansi na mume wake Magesa, mfanyabiashara wa sangara, na mama mkwe wake, Bibi Nyangeta, Mjita aliyeletwa kutoka kwao Musoma kwa sababu ya nyonga. Bibi hakuweza kutembea bila fimbo, na hata kwa fimbo safari ya chooni ilikuwa shughuli ya familia nzima.

"Sasa ukuta wa sebuleni umekuwa na joto," Rhoda akasema. "Bibi aliegemea akasikia nafuu. Akasema ni mkono wa Mungu. Akawaambia akina mama wa kwaya. Sasa wanakuja."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kuegemea, mzee."

Mzee Maduhu alinitazama, mimi nikatazama chini, maana nilijua nikiinua macho nitacheka na mteja yuko mbele yetu.

"Upande wa pili wa huo ukuta kuna nini?" akauliza.

"Friza ya samaki."

Hakusubiri zaidi. "Kabula, chukua vifaa, nenda naye."

Nilifika Pasiansi kama saa nne. Nyumba ilikuwa ya tofali, nzuri, imebanwa kati ya majabali mawili makubwa kama nyumba nyingi za upande ule, na nyuma yake jabali la tatu refu kuliko bati. Sebule na stoo vilitenganishwa kwa ukuta wa fremu za mbao uliopigiliwa hadibodi, vibao vyembamba vya unga wa mbao, pande zote mbili. Kando ya ukuta huo, upande wa sebule, waliweka benchi. Juu ya benchi walikaa watu wanane, migongo ukutani, wametulia kama abiria wanaosubiri kivuko Kigongo. Mmoja alikuwa kijana mlinda mlango wa timu ya mtaani, amekaa kiubavu ili goti liguse. Mama mwingine alikuwa amebandika shavu kwa sababu ya jino. Katikati, kwenye kiti chenye mto, Bibi Nyangeta, mweupe wa nywele, Biblia pajani, fimbo kando.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Unaumwa nini?"

"Shikamoo bibi. Mimi siumwi. Mimi ni fundi umeme."

Akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Pole sana. Umeme unakuuma wapi?"

Nilieleza. Nilieleza tena. Nikagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, na nikaondoa mkono haraka, maana usawa wa goti la yule mlinda mlango hadibodi ilikuwa ya moto kweli. Nikapiga magoti, nikanusa. Samaki. Lakini upande wa pili kulikuwa na friza nzima ya sangara, na pua yangu haikuwa na ushahidi.

Magesa, mume wa Rhoda, alinipeleka nje kwenye swichi kuu. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye haraka. Nilifungua kisanduku cha fyuzi nikakuta, mahali pa waya wa fyuzi, msumari wa inchi nne.

"Huu ni nini, kaka?"

"Fyuzi ilikuwa inakatika kila siku. Nikaweka huo. Tangu niuweke haijakatika hata mara moja." Akaupapasa mlango wa kisanduku kwa fahari. "Msumari wa zamani. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Vijana, fyuzi inapokatika kila siku inakuambia jambo. Kuweka msumari ni kumziba mdomo anayekupigia kelele kwamba nyumba inaungua. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba friza yoyote hutoa joto mgongoni, hilo ni la kawaida na halina madhara, lakini lile la usawa wa goti si la friza, ni la soketi iliyofichwa nyuma yake, na nataka tuivute friza niione.

"Ngoja nimuulize mama," akasema.

Mama akakataa. Hakukataa kwa ukali. Alinishika mkono, akaniambia kwamba miaka mitatu hospitali zimempa vidonge, waganga wamempa mizizi, na hakuna aliyempa usingizi ila ukuta huu. "Na wewe, mwanangu, kwa upendo wako, unataka kuuzima."

"Bibi, ukuta huu umeme ukikatika unapoa. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi si umeme huo?"

"Siku za mgao Roho anapumzika," akasema. Wote wanane wakaitikia, "Amina." Nikauliza, kwa heshima, ni Roho gani anayefuata ratiba ya mgao, na yule mama wa jino akanijibu bila kuondoa shavu ukutani kwamba hata makuhani hekaluni walihudumu kwa zamu.

Nilirudishwa Kirumba na sahani ya samaki iliyofunikwa kitambaa. Kazi haikufanyika. Nilikasirika njia nzima, na hasira ilikuwa ya woga, maana nilijua nilichokiacha kule: mbao kavu, hadibodi, msumari, na mlango mmoja wa kutokea.

Kesho yake akaenda Mzee Maduhu mwenyewe. Alisema wazee husikilizana. Aliondoka saa tatu asubuhi na kurudi saa tisa mchana, akaketi kwenye benchi letu.

"Umeivuta friza, mzee?"

"Bado."

"Umezungumza nao?"

"Nilitaka kwanza niupime ukuta." Akasafisha miwani kwa muda mrefu. "Ule ukuta ni wa hatari sana, Kabula. Lazima ufunguliwe."

"Ulipima kwa testa?"

"Kwa mgongo." Akavaa miwani. "Nililala kidogo. Unajua mgongo wangu tangu niinue ile mota ya kiwandani."

Nilimtumikia mtu yule miaka mingi na sikuwahi kumkosea adabu. Siku ile nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na ngazi mpaka nikamaliza kucheka.

Tukakubaliana siku ya tatu twende wote wawili na ngazi, tumwambie Magesa waziwazi kwamba tukikataliwa tutakwenda kwa watu wa mita wamkatie umeme. Hatukufika kwenye mazungumzo. Tulipokaribia nyumba tulisikia kuimba. Mlangoni nikaona watu kama kumi na tano wamesimama, mikono juu, na juu ya vichwa vyao wingu jembamba la bluu.

"Umeshuka!" mtu akapaza sauti. "Utukufu umeshuka!"

"Ni moshi!" nikapiga kelele. "Ni moshi, tokeni nje!"

Waliimba kwa nguvu zaidi. Nadhani walifikiri nami nimeguswa. Nikaacha ngazi ianguke, nikakimbilia swichi kuu. Mbele yake Magesa alikuwa amepanga kreti tupu za soda mpaka usawa wa kifua. Nilizitupa moja moja, na ndani kwaya ilikuwa imeanza ubeti wa pili. Nikafika kwenye mkono wa swichi, nikauvuta chini. Friza ikanyamaza. Msumari, kwenye nafasi yake, ulikuwa umebadilika rangi na ulikuwa mzima kabisa. Magesa alisema kweli, ulikuwa msumari mzuri.

Ndani, moto ukatokea wenyewe. Ulimi mmoja mdogo ulitoboa hadibodi pale pale kwenye usawa wa goti, na kwaya ikakatika katikati ya neno. Wote wakatoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mama wa jino alinipita kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa mtu wa rika lake. Mzee Maduhu alikuwa ameshachukua mtaimbo jikoni. Akaivunja hadibodi, mimi na Magesa tukamwaga mchanga, ndoo baada ya ndoo, na baada ya hapo maji, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa. Fremu za mbao ndani zilikuwa nyekundu kama mkaa wa kuchomea mahindi. Tuliuzima. Haikuchukua dakika kumi, na bado nikiiota huchukua usiku kucha.

Moshi ulipopungua Rhoda akasema, "Bibi yuko wapi?"

Kiti kilikuwa tupu. Fimbo ilikuwa imeegemea palepale. Magesa akapiga yowe ambalo sitaki kulisikia tena, akaingia chumbani, stooni, akatoka, akaingia tena. Rhoda alikaa chini kwenye mchanga akashika kichwa. Mimi nilijiambia: ulijua, siku ya kwanza ulijua, ukachukua sahani ya samaki ukaondoka.

Halafu tukasikia sauti kutoka juu.

"Magesa! Mbona unalia?"

Bibi Nyangeta alikuwa amekaa juu ya lile jabali la nyuma ya nyumba, juu kuliko bati, Biblia mkononi. Vijana wa pale hupanda jabali lile kwa mashindano, na si wote hufika.

"Mama! Nani amekupandisha?"

"Sijui," akasema, akitazama chini kwa mshangao wa kweli. "Nimejikuta."

Kupanda alijikuta, kushuka ikawa kazi. Tuliisimamisha ngazi yetu. Magesa alipanda mbele, yule mlinda mlango akafuata, mimi nikashika chini. Bibi alishuka ngazi moja moja, akitoa maelekezo. Alipofika chini Rhoda akampa fimbo, na yeye akaitazama kama kitu cha mtu mwingine, akaingia ndani kuona uharibifu.

Soketi niliifungua mchana ule kwa ajili ya wote, kwenye sinia, kama daktari anayeonyesha jino alilong'oa. Ilikuwa jiwe jeusi. Skrubu moja ilikuwa imelegea kiasi kwamba waya ulitoka kwa kidole, na kwenye soketi hiyohiyo moja friza, birika na pasi vilikuwa vimeshikana kwa plagi za njia tatu. Nikaeleza kila kitu. Walisikiliza vizuri. Tulitandaza upya, waya mnene, soketi ya friza peke yake, fyuzi ya waya wa kiasi chake, na Magesa akaapa mbele ya mama yake kuhusu misumari.

Jumapili iliyofuata Rhoda alinikaribisha kanisani kwao. Bibi Nyangeta alisimama bila fimbo akatoa ushuhuda. Alisema alikuwa hawezi kutembea, akauegemea ukuta wa joto, na ukuta ukamrusha juu ya mwamba. Hakuna sentensi hata moja niliyoweza kuipinga. Mchungaji akaniita nisimame niongeze neno kwa upande wa umeme. Nikawaambia wakaze skrubu zao. Wakasema amina.

Wiki chache baadaye Bibi Nyangeta akaja karakana, kwa miguu, Pasiansi mpaka Kirumba, kuku chini ya kwapa. Mzee Maduhu akampisha kwenye benchi, bibi akakataa kukaa.

"Nimekuja na ombi," akaniambia. "Kaka yangu yuko Musoma mjini. Mgongo umemkalia vibaya, mwaka wa pili huu. Nataka uende ukamwekee."

"Nikamwekee nini, bibi?"

"Kama ule wangu."

"Bibi, ule ulikuwa unataka kukuua."

"Najua," akasema. "Mwekee huohuo."

Nilimtazama Mzee Maduhu aniokoe. Yeye alikuwa anamtazama kuku. "Kabula," akasema, "chukua vifaa. Nyumba ya mzee huyo hatujui soketi zake zikoje."

Na kweli, zilikuwa mbaya. Tulishinda kule siku nzima. Nilikaza skrubu kumi na moja, nikatupa soketi mbili zilizoanza kuwa kahawia, na jikoni nikanusa, nikasikia samaki, na safari hii hapakuwa na samaki. Naamini ilikuwa imebaki miezi michache tu nyumba ishike moto. Kaka wa bibi, mzee mrefu aliyekunjamana kwa maumivu, alitufuata chumba kwa chumba akibeba kiti chake, akikiweka ukutani, akiegemea, akisubiri. Ukuta baridi. Chumba kinachofuata, ukuta baridi.

Jioni Mzee Maduhu alimkalisha akamweleza kwa kirefu, kwa upole, kwamba kazi yetu ni kuondoa joto, kwamba sasa anaweza kulala bila hofu, na kwamba kwa mgongo atafute mfuko wa mpira wa maji ya moto. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia dada yake, aliyekuja nasi kwenye basi akiwa amekaa wima njia nzima.

"Hawa ndio mafundi ulionisifia?"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, ndani ya nyumba ileile, mpaka uzee ukamchukua kitandani kwake. Nyumba haikuwahi kuungua. Na kila aliyetoka Musoma aliniletea salamu zake, kwamba bado hajanisamehe.